Pete Kooni mwa Nyamizi

Katika kamati ile ya watu saba, Mhandisi Lugano Mwakibete alikuwa amekwisha kuwadharau sita kabla chai haijaletwa. Wa saba alichelewa, naye akadharauliwa angali anavuta kiti.

Waliketi katika ukumbi wa juu wa hospitali ya Magadini, ambako madirisha hayakufunguliwa kamwe kwa sababu ya vumbi. Vumbi la magadi si kama hili la barabarani. Ni jeupe, laini kama unga wa muhogo, na likishaingia kooni halitoki. Mtu huanza kwa kukohoa, kisha kila pumzi yake hupiga mluzi, na hatimaye mishipa inayoamuru koo lifunguke hulala usingizi usio na kuamka. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kabali, kwa kuwa mgonjwa hufa kama mtu aliyekabwa na mwizi asiyeonekana.

Lugano aliweka kitu juu ya meza. Kilikuwa pete ndogo ya kijivu, nyembamba, iliyofumwa kwa nyuzi zinazosinyaa na kutanuka kama misuli.

"Nitaeleza taratibu," alisema, na kila mmoja mezani akaelewa kwa nini amesema taratibu. "Kooni mna milango miwili ya nyama. Ikiachana, unavuta pumzi. Ikikutana na kutetemeka, unasema. Kwa mgonjwa wa kabali milango hiyo haiachani. Ile pete yenu ya zamani, mnayoiita Nguzo, huitenganisha na kuishikilia hivyo daima. Mtu anapitisha hewa vizuri kama bomba. Na kama bomba, hasemi."

"Si ana spika ya shingoni?" aliuliza mama mmoja wa idara ya takwimu. "Inamsemea."

"Inamsemea wapi, mama? Sokoni? Mpeleke Barazani na spika yake, halafu uje unisimulie."

Mama wa takwimu akainamia kikombe chake. Hata mjinga wa Magadini aliijua Sheria ya Sauti Hai. Ilizaliwa baada ya Mwaka wa Kasuku, pale mashine zilipojifunza sauti ya kila mtu hata mama akashindwa kumtambua mwanawe kwenye simu. Wanawake waliachika kwa talaka ambazo waume zao hawakuzitamka. Marehemu walipiga simu kuulizia mashamba yao. Mwishowe dola ikaamua: neno la mtu litakuwa neno likitoka tu kooni mwake, mbele ya Baraza, kwa nyama yake na pumzi yake. Spika ya shingoni ni mashine, na nani ajuaye anayeisemesha? Kwa hiyo watu wa Nguzo walikuwa hai, walikula, walinenepa, na mbele ya sheria walikuwa sawa na viti. Hawakuweza kuoa, wala kutoa ushahidi, wala kudai mtoto.

"Pete yangu naiita Mlango," Lugano aliendelea. "Hulishika koo wazi, lakini mgonjwa akitaka kusema, huhisi misuli ya shingo inavyojiandaa, ikaachia kidogo. Milango inakutana, neno linatoka, pete inafungua tena. Mtoto wa darasa la nne angeelewa."

Mwenyekiti wa kamati, Daktari Eliamani Kimambo, alikuwa mtu mnene wa polepole, mpasuaji wa zamani, ambaye macho yake yalikuwa nusu yamefumba tangu mkutano uanze. Lugano alimhesabu kuwa samani.

"Mhandisi," alisema Kimambo bila kufumbua macho, "pete yako ikiachia, kisha isifungue tena, mgonjwa atakuwa na muda gani?"

"Haitashindwa kufungua."

"Sikuuliza hilo."

Mjumbe mmoja akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Dakika chache," alisema Lugano. "Kama mtu yeyote aliyekabwa."

"Basi tia komeo. Pete ikiona koo linafunga na kufungua harakaharaka, ijue mgonjwa anapapatika. Ijikaze ikiwa wazi, na isiachie mpaka afikishwe hapa. Ukitia komeo, nitatia sahihi."

Ndiyo hekima ya kamati, alifikiri Lugano akishuka ngazi. Mgonjwa akifa, watu huuliza maswali. Akiwa bubu, nani atauliza? Si yeye. Hao ndio wanaopewa mamlaka juu ya makoo ya watu: watu ambao wao wenyewe hawana la kusema.

Alilitengeneza komeo lile kwa alasiri moja, kwa dharau ya mpishi aliyeambiwa ampakulie paka. Alilipima kwa kikohozi, likatulia. Alilipima kwa kumeza, likatulia. Akaona yatosha. Kitu alichokiheshimu alikipima mara mia; kile kilichoombwa na wapumbavu alikipima mara mbili.

*

Mgonjwa wa kwanza kuvikwa Mlango alikuwa Nyamizi binti Kasanda, aliyekuwa akiuza togwa nje ya lango la kiwanda cha magadi, na ambaye zamani sauti yake iliwatoa watu kazini kabla ya king'ora. Sasa alikaa juu ya kitanda cha maabara, mikono juu ya magoti, na kila pumzi ilipita kooni mwake kwa mluzi kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Neno lake lilikuja vipandevipande. Lakini lilikuja.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza akiinyoshea pete kidole. "Mbona kama ile... wanayowavika kuku... wasipotee?"

"Bibi, tafadhali, usiseme sana."

"Bibi yako alikuwa na meno mangapi? Mimi ninayo yote. Niite dada."

Mafundi wawili wa Lugano walitoka nje, wakafunga mlango nyuma yao. Katika chumba kile hakuna mtu aliyewahi kucheka. Lugano aliamini kwamba kicheko kazini ni moshi wa akili inayoungua vibaya, na wote waliofanya kazi chini yake walijifunza kwenda kuchekea ukumbini.

Nyamizi hakuwa amekuja kutafuta raha ya kupumua. Alikuwa na mjukuu, Kabula, ambaye baba na mama yake walikwisha kuzikwa, wote kwa kabali. Sheria ilimtaka mlezi atamke kwa sauti hai, mbele ya Baraza la Watoto, kwamba mtoto ni wake. Baraza hilo huketi mara moja kwa msimu. Mtoto asiyetamkiwa huchukuliwa na bweni la kiwanda, akafundishwa kufunga magunia, na akifikia umri akapewa koleo. Msimu ulikuwa karibu, lakini kwa mluzi ule Nyamizi asingeufikia akiwa hai. Angevikwa Nguzo, angeufikia akiwa hai na bubu.

Alilazwa, pete ikapitishwa kinywani hadi mahali pake. Alipoamka akavuta pumzi moja ndefu, isiyo na mluzi, hata machozi yakamtoka. Akavuta nyingine, kama mtu anayeonja mchuzi kuhakikisha chumvi.

"Sema aa," aliamuru Lugano.

"Aaa."

"Hesabu mpaka ishirini."

Akahesabu. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, lakini yake. Alipewa ugali na mlenda, akameza. Alinusishwa pilipili, akakohoa. Pete ilitii kila kitu, na Lugano akajiona mrefu kuliko dari.

"Bwana Mhandisi," Nyamizi alianza, macho yakimcheza, "hivi mkeo nyumbani naye unamwamuru ahesabu..."

"Dada Nyamizi. Hapa si kilabuni. Soma sentensi hii."

Akaisoma. Ilihusu hali ya hewa.

Baada ya hapo Lugano akamweleza habari za komeo, kwa kuwa kamati ilimtaka aeleze, na akamwonyesha rimoti ndogo atakayokuwa nayo siku ya Baraza. "Komeo likijifunga, utapumua lakini hutasema. Mimi naweza kulifungua kutoka hapa. Ila nikilifungua, pete inakuwa haina ulinzi. Milango yako imelegezwa na kabali. Inaweza ikakutana, isiachane tena."

Nyamizi aliigeuza rimoti mkononi, akaitazama nyuma na mbele.

"Basi sikiliza, Bwana Mhandisi. Nikiwa mbele ya Baraza, na mtoto wangu yuko pale, na hicho kikomeo chako kikanifunga kinywa, usiniulize kama nataka kupumua. Fungua. Nakuambia sasa nikiwa na sauti, usije ukasingizia kwamba sikusema."

"Halitajifunga," alisema Lugano. "Lipo tu kwa ajili ya wale wazee wa chai."

*

Baraza la Watoto liliketi katika ghala la zamani la magunia, asubuhi, vumbi likielea katika miali ya jua. Mbele palikuwa na meza ya mwenyekiti, mwanamke mkali mwenye miwani, na juu ya meza kipimo cha sauti, kisahani cha shaba chenye mshale. Mlangoni alisimama karani wa bweni, na mkononi ameshika sare ndogo za kijivu, tayari kwa watoto wa siku hiyo. Kabula alikuwa ameng'ang'ania ncha ya khanga ya bibi yake.

Lugano alikaa kwenye benchi la kando, rimoti kwenye kiganja. Daktari Kimambo alikaa karibu naye, akiwa amekuja bila kualikwa, na benchi lililalamika.

"Umekuja kuona komeo lako?" Lugano aliuliza.

"Nimekuja kumwona mgonjwa," alijibu Kimambo, akafumba macho.

Sasa kuhusu utani wa Barazani. Baada ya Mwaka wa Kasuku walitokea wajanja waliokuja Barazani wameficha spika ndani ya kola za mashati, wakafungua na kufumba vinywa kama samaki. Kipimo peke yake kilidanganyika. Baraza likatafuta jambo ambalo mashine haiwezi, na baada ya kujaribu mashairi, hesabu na vilio, likagundua kwamba haiwezi utani. Mashine ama ilikuwa na adabu mno, ama ilitukana kweli. Utani ni ujia mwembamba kati ya hayo mawili, na hakuna chuma kilichowahi kupita. Kwa hiyo kila anayetoa neno hukutanishwa kwanza na mtani wa kabila lake. Mtani humchokoza, naye humjibu papo hapo. Ukishindwa kujibu, mtani huinua kata ya maji. Akiimaliza kabla hujasema, shauri lako limeanguka.

Lugano aliijua desturi hiyo, kama kila mtu. Aliiona ni aibu kwa nchi, sheria kuwekwa mikononi mwa wachekeshaji. Katika hesabu zake aliipa jina moja, "mazungumzo", akapita.

Mtani wa siku ile alikuwa Kondo Pazi, Mzaramo mwembamba mwenye kofia ya kiua. Alimzunguka Nyamizi pole pole, akamtazama utosini.

"Mwenyekiti, wameniambia huyu ni Mnyamwezi, nami sioni mzigo kichwani. Dada, nani kakutua?"

"Nilijitua mwenyewe," alijibu Nyamizi, sauti yake ikajaa ghala. "Nilifika kwenu nikamkuta babu yako amelala katikati ya njia. Nikadhani ni pembe ya ndovu ya tajiri, nikambeba mpaka Bagamoyo. Hakuna aliyemtaka."

Watu kwenye mabenchi wakaangua kicheko. Mshale wa kipimo ukaruka. Lugano akajiegemeza nyuma. Kila neno lilikuwa lake, pete ile, kazi yake.

"Ni kweli alilala," alisema Pazi kwa huzuni ya uongo. "Alichoka kuwahesabu mkipita. Mlikuja wengi, mkarudi wachache. Waliobaki tuliwaoa."

"Mliwaoa, au waliwahurumia? Sisi tulisikia Wazaramo hucheza ngoma mpaka nyumba ianguke, ndipo waulize ilikuwa ya nani."

"Eee! Na nyie? Siku ya kwanza mlipofika pwani, mkaiona bahari, mkaona na povu lake." Pazi akaweka mkono kiunoni, akaiga mtu mwenye mzigo anayeshangaa. "Mkauliza: jamani, nani alikuwa anafua hapa, mbona hajamwaga maji?"

Nyamizi akacheka.

Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilianzia tumboni, kikapanda, mabega yakatikisika, na kooni mwake ile milango miwili ikagongana na kuachana, ikagongana na kuachana, haraka kuliko kikohozi, haraka kuliko neno lolote. Pete ikaona koo linapapatika. Ikafanya ilivyofundishwa.

Kicheko kikakatika kama redio iliyong'olewa waya. Kinywa cha Nyamizi kilibaki wazi, mabega bado yanacheza, na kilichotoka kilikuwa upepo mtupu.

Lugano alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote ghalani, na ujuzi huo haukumfaa kitu. Kicheko! Kitu ambacho mtoto mchanga hukifanya kabla hajajua kukaa. Alikuwa amepima mlenda na pilipili.

"Mama, mjibu mtani wako," alisema mwenyekiti.

Nyamizi akajipiga kifua. Upepo. Mshale ulilala chini.

Kondo Pazi alimtazama, na utani wote ukamtoka usoni. Lakini desturi ni desturi. Akachota maji mtungini, akainua kata, akaanza kunywa. Hakuna aliyewahi kuona mtu anakunywa maji namna ile. Alinywa kama kinda la ndege, tone baada ya tone, koo lake jembamba likipanda na kushuka kwa shida, na baada ya kila tone akajifuta midomo. Mlangoni karani wa bweni akaanza kuzipekua zile sare, akitafuta inayomtosha Kabula.

Lugano aliinua rimoti.

"Liache," alisema Kimambo kwa sauti ya chini. Macho yake sasa yalikuwa wazi kabisa. "Anapumua."

"Alinitaka nifungue."

"Najua watu hutaka nini wakiwa wazima. Ukilifungua sasa, na misuli yake yote imekaza kwa hofu, milango itakutana na haitaachana. Mtoto atampoteza bibi badala ya jina la bibi. Lipi bora?"

Swali lilikuwa zuri, na Lugano alikasirika kulisikia kutoka kwa samani. Akili yake ilikimbia huku na huko. Akifungua na mama huyu akafa, Mlango utakufa naye, na Nguzo zitaendelea kupigiliwa kila koo la Magadini. Asipofungua, ripoti itasema mgonjwa yuko hai, pete imefanya kazi, komeo limefanya kazi, na hakuna atakayekosea kwa kuandika hivyo. Alishangaa jinsi sababu zote, za huku na za huko, zilivyokuwa za pete. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mwanamke yule.

Akamtazama. Alidhani atamkuta anaomba. Nyamizi hakuwa anaomba. Alikuwa amemkazia macho yale ambayo mama huwakazia watoto wa watu wanaokawia kupisha mlangoni. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kichwa cha Kabula.

Ndani ya kata maji yalikuwa yamekwisha, Pazi akijifanya bado anakunywa.

Lugano akabonyeza.

"Tuliuliza," sauti ya Nyamizi ikalipuka, yenye kutu, "tukaambiwa... ni Wazaramo wanafua... wote, nguo moja!"

Pazi akatupa kata chini. "Kajibu! Mwenyekiti, kajibu!"

"Huyu Kabula ni wangu. Namlea mimi. Ni wa..."

Neno la mwisho halikufika mwisho. Lakini mshale ulikuwa umekwisha kupanda, kisahani kikalia, na mwenyekiti akagonga meza. "Sauti hai. Mtoto ni wa bibi yake." Alipoinua macho, bibi alikuwa anaanguka.

Lugano akabonyeza komeo lirudi. Akabonyeza tena. Nyuzi za pete zilikuwa zimechemka kwa kufunga na kuachia kwa ghafla, zikalegea kama mpira wa manati uliosahauliwa juani. Aliutazama uso wa Nyamizi ukigeuka rangi ya majivu, akaendelea kubonyeza, akaeleza kwa sauti, hakuna ajuaye kwa nani, kwamba nyuzi zinahitaji kupoa, zikipoa zitafungua, ni lazima zifungue, hesabu inasema...

"Ondoka hapo," alisema Kimambo.

Mtu yule mnene alikuwa amekwisha kupiga magoti. Hakuna aliyemwona akiondoka kwenye benchi. Kutoka mfukoni alitoa kijaluba cha bati, akakifungua kwa dole gumba. Kidole chake kikateremka juu ya koo la mgonjwa, kikapita pale palipotuna, kikatua kwenye kishimo kidogo chini yake, kikatulia. Kisu kikaingia chini ya milango ile miwili, chini ya pete, chini ya kila kitu ambacho Lugano alikuwa amekijenga. Kisha kibomba kifupi cha plastiki, kisicho na waya wala akili.

Mluzi ukasikika. Kifua cha Nyamizi kikapanda.

Kabula, ambaye hakuwa amelia hata kidogo, sasa akaanza kulia.

Wapagazi wa hospitali walipombeba mgonjwa, Kimambo alibaki amekaa chini sakafuni, akipumua kwa nguvu, akifuta vidole kwa leso.

"Ulipima kikohozi?" aliuliza.

"Nilipima."

"Kumeza?"

"Nilipima."

"Kicheko?"

Lugano akaitia rimoti mfukoni.

"Komeo niliomba mimi, na hilo nitaliandika kwa jina langu. Sikufikiria kicheko. Mimi ni mjinga, nimezeeka, na kazi yangu siku hizi ni kunywa chai. Lakini nilidhani wewe, kwa jinsi ulivyo mwerevu, ukitengeneza kitu unakifikiria." Akanyosha mkono ainuliwe. Lugano akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani.

*

Wodini, Nyamizi alikuwa ameketi ameegemea mito miwili, kibomba kikimchungulia shingoni juu ya ukosi wa gauni. Kabula alikaa miguuni pake akimenya karanga, moja yake, moja ya bibi. Na kwenye kiti cha wageni alikuwapo Kondo Pazi na kofia yake, kwa maana mtani aliyekuangusha hana ruhusa ya kwenda kwake mpaka akuinue.

"Wanasema hutasema tena kwa muda," Pazi alikuwa anamwambia. "Mungu mkubwa. Tangu enzi za misafara tumeomba Mnyamwezi mmoja anyamaze, na nimepewa mimi kumwona."

Mabega ya Nyamizi yakatikisika. Sauti haikutoka, lakini kibomba kilipiga vimluzi vifupi vifupi, fi, fi, fi, na Kabula akacheka kwa sababu ya vimluzi.

Lugano aliingia na mkoba wa vifaa na hotuba. Hotuba alikuwa ameiandaa vizuri. Ilikuwa na maneno kama "hali isiyotarajiwa" na "toleo la pili". Alisimama mwisho wa kitanda, akakohoa.

"Dada Nyamizi. Nimefurahi kukuona u mzima. Ile pete ilikuwa na kasoro ndogo. Mfumo haukuwa umepewa mifano ya kutosha ya... ya kicheko. Kwa upande mwingine, kila sehemu nyingine ilifanya kazi kama nilivyokuwa nimetabiri, na kwa hakika, ukizingatia..."

Nyamizi alimtazama kuanzia viatu. Macho yalipanda suruali iliyopigwa pasi, yakapanda mkoba, yakapanda tai, yakafika usoni na hayakuona cha kuyazuia. Kisha akasonya.

Msonyo hauhitaji mapafu. Hauhitaji milango ya nyama wala pete wala ruhusa ya Baraza. Ni ulimi, ni meno, ni mate kidogo, na maisha ambayo mtu ameyaishi. Ule ulianza chini, ukavutwa taratibu kama kamba ya kisima kirefu, ukazidi kuvutwa pale ambapo msonyo wa mtu mwingine ungekwisha, ukageuka kona, ukaendelea. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. Muuguzi alisimama na sindano hewani. Kondo Pazi alivua kofia yake.

Ulipokwisha, hotuba ya Lugano haikuwapo tena. Aliitafuta, akakuta amebaki na mikono tu.

"Sikukuomba ucheke," alisema hatimaye. "Ulitaka kunitania, nikakukataza. Nilidhani ni upuuzi."

Nyamizi aliendelea kumtazama. Nje ya dirisha lililofungwa king'ora cha kiwanda kililia, zamu ikabadilika, na watu wakaanza kupita langoni wakikohoa, safu kwa safu, weupe kama waliotoka kwenye kinu. Akageuza uso, akawatazama mpaka wakapita wote. Kisha akamsogeza Kabula pembeni kwa mguu, akagonga kitanda mahali palipobaki wazi, na akainua kidevu, akampa koo.

Lugano alikaa. Akafungua mkoba, akatoa vile vibandiko vya kupimia misuli, akavibandika shingoni pande mbili za kidonda. Misuli ya kicheko ilikuwapo bado, hata kama sauti haikuwapo. Ilihitaji tu kuchekeshwa.

"Bwana Pazi," alisema.

"Naam, Mhandisi."

"Naomba umchekeshe."

"Hivi hivi tu? Kwa kitu gani?" Pazi akavaa kofia, akajinyosha kitini, akaangalia huku na huko wodini kama fundi anayetafuta ubao. Macho yake yakamfikia Lugano, yakaanzia viatuni. "Aa," alisema. "Kumbe ninacho."

Lugano akawasha kipimo, akaketi wima apate kutazamwa vizuri.